Nahodha Joseph Bates Aacha Tumbaku

Soma kwa ajili ya juma hili: Danieli 1:8–16, Mhubiri 4:9–12, 1 Wakorintho 6:19, 20, Wagalatia 6:1, 2.

Mwaka 1821 nahodha mmoja Mmarekani, ambaye alikuwa bado hajatimiza miaka 30, aligundua jambo lililomshtua. Hakuwa mlevi. Alikuwa amejiwekea kanuni ya kunywa glasi moja tu ya pombe kali kwa siku, kabla ya chakula cha mchana, na kanuni hiyo aliishika vizuri kuliko wengi wa mabaharia wake. Lakini sasa alijikuta akiingoja ile glasi kwa hamu kubwa kuliko alivyokingoja chakula chenyewe. Chakula kilikuwa kimegeuka kisingizio. Nahodha huyo akaona kwamba kitu alichodhani anakitawala kilikuwa kimeanza kumtawala yeye, akaamua kutokigusa tena.

Nahodha huyo ni Joseph Bates, ambaye Waadventista Wasabato wanamkumbuka kama mmoja wa waasisi watatu wa kanisa lao, pamoja na James White na Ellen White. Wengi wanamfahamu kwa habari ya Sabato. Wachache wanajua kwamba miaka zaidi ya 20 kabla hajaisikia kweli ya Sabato alipigana vita vyake na vileo na tumbaku, na kwamba aliyojifunza katika vita hiyo aliyatumia maisha yake yote kuwasaidia wengine.

Alizaliwa tarehe 8 Julai 1792 huko Rochester, katika jimbo la Massachusetts. Mwaka uliofuata wazazi wake walihamia Fairhaven, ng'ambo ya mto kutoka New Bedford, mji uliojulikana duniani kote kwa uwindaji wa nyangumi. Mtoto aliyekulia pale aliamka akiona milingoti na kulala akisikia habari za Bahari ya Pasifiki. Baba yake hakupenda aende baharini, lakini kijana hakutulia, na mwaka 1807, akikaribia miaka 15, akaruhusiwa kusafiri mpaka London akiwa mtumishi wa chumba cha nahodha. Wakati wa kurudi alianguka kutoka juu ya mlingoti. Papa aliyekuwa ameifuata merikebu alikuwa upande wa pili wakati huo, na kijana akavutwa juu akiwa salama.

Aprili 1810 akiwa Liverpool, askari waliokuwa wakikamata watu kwa nguvu ili watumike katika jeshi la majini la Uingereza walimkamata naye. Akatumikia katika manowari za Mfalme bila kupenda. Vita kati ya Uingereza na Marekani ilipozuka mwaka 1812 alikataa kupigana na nchi yake, akafanywa mfungwa wa vita, mwisho katika gereza la Dartmoor. Alifika nyumbani katikati ya mwaka 1815, baada ya miaka zaidi ya sita.

Maisha ya manowari yanaeleza mengi kuhusu vita yake ya baadaye. Wakati ule kila baharia wa Uingereza alipewa nusu painti ya ramu kwa siku, iliyochanganywa na maji, kama vile mfanyakazi anavyopewa posho yake. Tumbaku nayo iliuzwa melini na gharama yake kukatwa katika mshahara. Kwa kuwa meli zilikuwa za mbao na zimejaa baruti, uvutaji uliruhusiwa karibu na jiko tu, hivyo mabaharia wengi waliitafuna. Shavu lililotuna kwa tumbaku lilikuwa alama ya ubaharia. Mtu aliishika tabia ile kabla hajaifikiria. Njaa, baridi, hofu na upweke vilikuwa na dawa moja, na dawa hiyo ilikuwa mfukoni. Anayetaka kumwelewa mvutaji wa leo, awe kondakta wa daladala au mlinzi wa usiku, hana budi kuanzia hapo. Mara nyingi mtu hakuanza kwa sababu ya ukaidi. Alianza kwa sababu kila aliyekuwa karibu naye alikuwa anavuta, na siku ilikuwa ndefu.

Mwaka 1818 Bates alimwoa Prudence Nye, binti wa Fairhaven aliyefahamiana naye tangu utotoni. Si muda mrefu baadaye akawa nahodha. Ndipo tunapofika kwenye ile glasi ya mwaka 1821.

Mwaka uliofuata, 1822, aliacha divai. Hapa aliona kwamba kuacha mbele ya watu ni tofauti na kuacha ukiwa peke yako. Huko Peru, ambako merikebu nyingi za Marekani zilifanya biashara, mfanyabiashara mmoja aliwaalika manahodha na mawakala wa mizigo kwenye karamu. Kwa desturi ya wakati ule, mwenye karamu humwita mgeni kwa jina ili wanywe glasi ya divai pamoja, na kukataa kulihesabika kama kumdharau. Ilipofika zamu yake, Bates alijaza glasi yake maji na kuiinua. Mwenyeji hakuelewa. Ikabidi mmoja wa wageni amweleze kwamba nahodha huyu hanywi kabisa. Baadhi walimshangaa, karamu ikaendelea.

Fikiria dakika ile. Hapakuwa na mhubiri mezani wala mke wake. Hapakuwa na mtu mwingine aliyeshika glasi ya maji. Isitoshe, nahodha ni mtu mpweke kuliko mabaharia wake, kwa sababu hawezi kuwaeleza udhaifu wake. Ila alikuwa na kitu kimoja kilichomsaidia: uamuzi ulikuwa umefanyika kabla hajaingia katika nyumba ile. Danieli naye aliazimu moyoni mwake kwanza, ndipo akaenda kwa mkuu wa matowashi. Mtu anayengoja mpaka sigara iwe mkononi ndipo aanze kujiuliza kama ataivuta au la, amechelewa.

Mwaka 1823 zamu ya tumbaku ikafika. Bates aliiacha ya kutafuna na ya kuvuta, yote. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka Battle Creek mwaka 1868, habari hiyo haina madoido. Mzee aliyeandika kitabu kile alikuwa ameshuhudia tufani na vita, na tumbaku aliiweka katika orodha moja na hizo hatari nyingine alizookoka.

Uangalie mfuatano wake: pombe kali, kisha divai, kisha tumbaku. Leo washauri wa afya wanajua kwamba kileo ni rafiki mkubwa wa sigara. Mtu aliyeapa asubuhi kwamba havuti tena hukiuka kiapo chake jioni, glasi ya pili inapokuwa imelegeza nia yake. Wanawaonya wanaoacha sigara wasikae penye pombe katika majuma ya kwanza, na wengi huwaambia wapunguze hata kahawa, hasa kama walizoea kunywa kikombe kimoja kwa sigara moja. Bates hakuwa na elimu hiyo, lakini alipofika kwenye tumbaku, marafiki wake wawili walikuwa wamekwisha kuondoka mezani.

Inafaa darasa lijue pia ni nini hasa kinachompata anayeacha, kwa sababu ndugu wengi kanisani huwahukumu watu wasiowaelewa. Nikotini hufika kwenye ubongo katika muda wa sekunde chache baada ya mtu kuvuta, na baada ya saa kadhaa mwili huanza kuidai tena. Ndiyo maana mvutaji huamka na hamu ya sigara kabla ya chai. Anapoacha, siku tatu za kwanza huwa ndizo ngumu kuliko zote. Anakuwa na hasira za karibu, usingizi unapotea, kichwa kinauma, kazi haimkai akilini. Vijana wanaiita arosto. Kwa wengi hali hiyo hupungua katika majuma mawili mpaka manne. Jambo ambalo mvutaji halijui, na ambalo lingempa moyo kama angelijua, ni kwamba kila wimbi la uchu hudumu dakika chache tu, kisha hupita, avute asivute. Baharia wa zamani angeielewa habari hii mara moja. Dhoruba ya ghafla inapokuja, nahodha hashindani nayo. Hushusha matanga, hushika usukani, na hungoja.

Baada ya mwili kutulia, hubaki mazoea. Mkono unatafuta kitu baada ya chakula. Ugomvi wa kazini, au harufu ya moshi wa jirani, unaweza kuiamsha hamu iliyolala miezi sita. Hapo maji hayatoshi. Hapo mtu anahitaji watu.

Bates alikuwa na mtu mmoja, naye alikuwa mbali. Agosti 1824 alisafiri kwa merikebu iliyoitwa Empress, na kama kawaida alikuwa amebeba vitabu vya riwaya vya kusoma njiani. Alipofungua sanduku alikuta Agano Jipya juu ya riwaya zake. Prudence alikuwa ameliweka pale bila kusema neno, likiwa na shairi ndani kuhusu kifo. Nahodha akaanza kusoma, na hamu ya riwaya ikamwisha. Katika safari hiyohiyo baharia wake mmoja, Mnorwei aitwaye Christopher, aliugua na kufa, na nahodha aliyekuwa na amri juu ya kila kitu melini akajiona hana neno la kumwambia mtu anayekufa. Tarehe 4 Oktoba 1824 aliandika agano la kujitoa kwa Mungu na kutia sahihi yake.

Hapa kuna jambo ambalo darasa lisiliruke. Bates aliacha pombe, divai na tumbaku kabla hajaongoka. Wapo wanaosumbuliwa na habari hii, wakidhani inapunguza nguvu ya injili. Lakini soma maisha yake yote. Alipokuwa ameacha vyote hivyo alikuwa mtu safi mwenye moyo mtupu, na kitu kilichokuwa juu ya sanduku lake kiliingia mahali palipokuwa pamekwisha kufagiliwa. Kwa upande mwingine, wapo ndugu waliobatizwa na bado wana paketi mfukoni, nao hawathubutu kusema. Je, katika darasa lenu ndugu wa namna hiyo angeweza kusema bila kuogopa?

Mwaka 1827 Bates alikuwa nyumbani wakati wa uamsho mkubwa wa dini Fairhaven. Akaamua kubatizwa na kujiunga na kanisa la Christian Connection, ambalo mke wake alikuwa mshiriki wake. Walipotoka majini, wakati wakibadilisha nguo, Bates alimweleza mchungaji aliyembatiza jambo lililokuwa moyoni mwake: alitaka waanzishe pamoja chama cha kiasi katika mji wao. Yeye mwenyewe alikuwa ameona faida ya kuacha, na hakutaka kuifaidi peke yake. Mwaka mmoja kabla, chama kikubwa cha kiasi cha Marekani kilikuwa kimeanzishwa Boston, lakini katika miji midogo wazo hilo lilikuwa bado geni.

Mchungaji alikataa.

Mtu mwingine angevunjika moyo, maana maji ya ubatizo yalikuwa hayajakauka kichwani mwake. Bates alichukua karatasi yake na kuondoka nayo mwenyewe. Alikwenda kwa mchungaji wa kanisa jingine, la Congregational, naye akatia sahihi. Mashemasi wawili wa kanisa lile wakatia sahihi. Kisha wakafuata baadhi ya watu wakubwa wa mji, mpaka majina yakafika kama 12 au 13, ndipo wakaitisha mkutano na kuunda Chama cha Kiasi cha Fairhaven. Wengi wao walikuwa manahodha kama yeye. Walikuwa wameona kwa macho yao watu wakiangamia kwa kileo, baharini na nchi kavu, na hawakuhitaji kuhubiriwa.

Msaada wa kwanza wa Bates, basi, haukutoka kanisani kwake. Ulitoka kwa watu waliokuwa wamepita njia aliyopita yeye. Ni kawaida mpaka leo: anayeacha sigara humwamini upesi zaidi mtu aliyewahi kuivuta. Kanisa lenye wazee waliowahi kuwa watumwa wa tumbaku lina hazina, ila mara nyingi wazee hao huificha historia yao kwa kuona aibu, na kijana anayepambana nyuma ya ukumbi anabaki akidhani yuko peke yake.

Karatasi ile ilikuwa na kasoro. Kama vyama vingi vya mwanzo, wanachama waliahidi kuacha pombe kali tu. Divai, bia na pombe ya matofaa hazikutajwa. Baadaye mwanachama mmoja alituhumiwa kwamba amevunja ahadi, naye akakana. Alikuwa amelewa, hilo halikubishaniwa, lakini alikuwa amelewa pombe ya matofaa, na hiyo haikuwa katika ahadi. Wakamwangalia. Alikuwa anasema kweli. Ndipo wanachama wakaona kwamba ahadi yenye mlango wa nyuma haimlindi mtu, na baada ya majadiliano yasiyo mepesi wakaibadilisha iwe ya kuacha vileo vyote. Mtu anayeacha sigara lakini anajiachia ugoro, au shisha ya harusini, au moja ya kuomba kwa rafiki siku ya mshahara, ni ndugu wa yule mwanachama. Bates alikuwa amelijua hilo tangu ile glasi moja ya mchana.

Agosti 1827 Empress iliondoka tena, na safari hii nahodha alipanga meli yake upya. Hapakuwa na kileo isipokuwa kilichokuwa katika sanduku la dawa. Matusi yalikatazwa, na kila mtu aitwe kwa jina lake. Jumamosi mchana waliruhusiwa kufua na kushona nguo ili Jumapili, siku aliyoishika wakati ule, iwe siku ya kupumzika na kusoma. Mabaharia waliyajua hayo wakati nchi kavu ilikuwa imekwisha kubaki nyuma. Wengine walinung'unika, na mtu anaweza kuuliza kama ilikuwa haki kuwaambia baharini badala ya bandarini. Lakini safari ilikuwa ya utulivu. Wanaume ambao hawangeweza kuacha katika mji wenye kilabu kila pembe, walikaa bila kileo kwa miezi mingi kwa sababu hakikuwepo, na kwa sababu hakuna aliyekuwa akinywa mbele ya mwenzake.

Nyumbani kwetu hatuwezi kumweka mvutaji juu ya meli. Ila familia inaweza kuondoa vibiriti na vyombo vya majivu. Mke anaweza kutomtuma mumewe kwenye kibanda kilekile anachonunulia sigara. Watoto wanaweza kuvumilia hasira za baba kwa juma moja wakijua sababu yake. Rafiki anaweza kutembea naye baada ya chakula cha jioni, saa ambayo mkono unatafuta.

Mwaka 1828 Bates aliacha bahari, akiwa na mali ya kutosha kuishi kwa starehe, kama dola 11,000. Aliitumia karibu yote katika kazi ya Mungu, hasa katika kutangaza marejeo ya Kristo kuelekea mwaka 1844. Huko Fairhaven alisaidia pia kuwakusanya watoto katika kikundi walichokiita Jeshi la Maji Baridi, karibu watoto 300, wakiimba na kuandamana mitaani na kuahidi kutokunywa vileo. Aliendelea kujichunguza. Alipoona kwamba chai inamnyima usingizi mpaka baada ya saa sita za usiku, akaiacha, kisha kahawa. Kabla ya mwaka 1844 aliacha pia nyama na vyakula vizito. Mwaka 1845 aliipokea Sabato, na vijitabu vyake ndivyo vilivyowasaidia James na Ellen White kuipokea.

Katika miaka ya mwanzo ya Waadventista waliotunza Sabato, watu wengi miongoni mwao walitumia tumbaku. Jambo hili huwashangaza vijana wetu. Waasisi waliomba, walifunga, walisafiri maili nyingi kwa miguu kuhubiri, na baadhi ya wasikilizaji wao walitafuna tumbaku wakati wa mahubiri. Mwaka 1848 Ellen White alionyeshwa madhara ya tumbaku, chai na kahawa, na katika miaka ya 1850 gazeti la Review and Herald lilichapisha makala dhidi ya tumbaku. Mabadiliko yalichukua miaka. Hawakuanza kwa kuwafukuza watu. Walianza kwa kuwafundisha na kuomba pamoja nao.

Bates alikuwa katikati yao, akiwa mfano bila kelele. Juu ya chakula hasa alikuwa mwangalifu sana asiwabebeshe wengine mzigo wake. Aliposhangaliwa kwa nini hali nyama, aliwajibu kwa utani kwamba sehemu yake alikwisha kuila. Mpaka baada ya njozi ya afya ya Juni 1863 huko Otsego, Michigan, ndipo alipozungumza wazi, kwa furaha ya mtu aliyengoja muda mrefu wenzake wamfikie. Kwa muda wa miaka 20 karibu alikaa meza moja na watu waliokula asichokula, asiwadharau. Wenye shauku ya matengenezo ya afya wangefaidika kumsoma hapo.

Njia ya Bates, ya kuacha pamoja, ilirudi katika kanisa karibu karne moja baadaye kwa sura nyingine. Mwishoni mwa miaka ya 1950 daktari J. Wayne McFarland na mchungaji Elman Folkenberg, wote Waadventista wa Marekani, walianza kutengeneza Mpango wa Siku Tano wa kuacha sigara. Watu walikutana jioni tano mfululizo, kwa sababu siku za kwanza ndizo zinazoua nia. Daktari alieleza habari za mwili, mchungaji habari za nia na msaada wa Mungu. Walifundishwa kunywa maji mengi, kuoga maji ya vuguvugu, kuvuta pumzi ndefu uchu unapokuja, kutokaa kwenye kiti cha kila siku baada ya kula, na kuacha kwa muda kahawa, vileo na vyakula vyenye viungo vikali. Na kila mmoja alipewa mwenzake wa kumpigia simu saa yoyote hamu inapomshika. Mpango huo ulienea katika nchi nyingi, na waliofaidika nao wengi hawakuwa Waadventista.

Kikundi cha Shule ya Sabato hakihitaji ukumbi wala mitambo kufanya hivyo. Kinahitaji mtu mmoja aliyetayari kupokea simu saa nne za usiku na kuongea habari zozote kwa dakika kumi, mpaka wimbi lipite. Na endapo ndugu huyo ameanguka siku ya nne akavuta, anahitaji mtu yuleyule siku ya tano. Wengi walioacha kabisa walijaribu mara kadhaa kabla. Kwa wenye uraibu mkubwa zipo pia dawa zinazosaidia, na hakuna upungufu wa imani katika kwenda kituo cha afya kuziulizia.

Prudence alifariki mwaka 1870. Mwaka uliofuata, katika mkutano wa matengenezo ya afya huko Battle Creek, mzee Bates alisimama mbele ya watu akikaribia miaka 79, mgongo ukiwa umenyooka, akaeleza historia yake tangu ile glasi ya mwaka 1821. Wenzake wengi wa baharini aliotafuna nao tumbaku walikuwa wamekwisha kufa. Aliwahesabia moja baada ya jingine mambo aliyoyaacha, na mwaka alioliacha kila jambo, kama nahodha anayesoma kitabu cha safari.

Alifariki Battle Creek tarehe 19 Machi 1872, akazikwa Monterey, Michigan, mbali sana na bahari.